Waliotembea na Shangazi

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Shangazi, wahadhiri wakaiga, na ikafika wakati hata barua za utawala zikaandikwa hivyo kwa bahati mbaya, halafu mtu akakata kwa kalamu na kuweka jina rasmi juu yake. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka ishirini na miwili, mama mnene kiasi, mcheshi, mwenye magoti yaliyozeeka kabla yake. Zahanati ya chuo ilimchukua ili afunge vidonda vya wacheza mpira na kupima homa. Kisha mshauri wa wanafunzi akahama, nafasi yake ikakaa wazi mwaka mzima, na utawala ukampeleka Shangazi kozi ya miezi mitatu. Aliporudi alikabidhiwa ufunguo mmoja na wanafunzi elfu tisa.

"Elfu tisa!" mumewe alimwambia siku hiyo huku akimenya viazi. Alikuwa dereva mstaafu, na tangu astaafu jiko lilikuwa lake. "Hata mbuzi elfu tisa hawapewi mchungaji mmoja."

"Hawatakuja wote."

"Wakija nusu utafanyaje?"

"Nitakuita uje uwamenyee viazi."

Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya karatasi. Ukuta mmoja ulikuwa wa tofali, mwingine wa plaiwudi, na nyuma ya ile plaiwudi ndipo lilipokuwa benchi la wanaofuatilia matokeo yaliyopotea. Mtu akikohoa upande ule, Shangazi upande huu angeweza kumwambia pole. Wanafunzi waliokuja kwake waligundua hilo mara tu walipoketi. Wangefungua kinywa, wakasikia mtu akicheka nyuma ya ubao, wakakifunga. Wengine walinong'ona mpaka Shangazi akawa anasoma midomo. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja mara tatu, na mara zote tatu alilia bila sauti, akashukuru, akaondoka. Shangazi aliandika kwenye faili: *amelia*. Hakuwa na kingine cha kuandika.

Mara ya nne umeme ulikatika, na kile chumba bila feni kilikuwa tanuri. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, twende nje, tutaokwa humu."

Walipita nyuma ya maabara. Huko kulikuwa na kipande cha miti kilichoachwa tangu chuo kinajengwa, kama viwanja vitatu vya mpira hivi, kina njia ya udongo inayozunguka hadi kwenye bwawa dogo na kurudi. Mtunza bustani alikuwa akiifagia kila asubuhi, ingawa hakuna aliyemwagiza. Walitembea polepole kwa sababu ya magoti ya Shangazi. Hawakutazamana, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba na ilibidi kuangalia mizizi. Kabla hawajafika bwawani, yule binti alikuwa ameshasema yote: mama yake mgonjwa, mdogo wake kaachishwa shule, yeye kila akifungua kitabu anawaona hao wawili kwenye ukurasa. Aliyasema akiwa ameinamisha uso, kama anayeyasimulia majani. Waliporudi alipumua kwa nguvu na kusema, "Shangazi, kumbe nina njaa."

Tangu hapo Shangazi hakukaa tena ofisini ila kuandika. Kila mwenye miadi alimkuta mlangoni amevaa raba. Walitembea mizunguko miwili, magoti yakikubali mitatu. Hakuwa na mengi ya kuwaambia. Kozi ya miezi mitatu ilikuwa imemfundisha kusikiliza, na wodi ya watoto ilikuwa imemfundisha kungoja. Lakini aliona kwa macho yake kwamba mtu anayetembea chini ya miti, miguu ikiwa na kazi, ulimi wake hulegea wenyewe. Wengine walianza kwenda peke yao. Ilipofika saa kumi jioni ungewakuta wawili hapa, mmoja pale, anakwenda na kurudi mikono nyuma, hasomi, hashiki simu. Wakaipachika ile njia jina: Njia ya Shangazi.

Alikuwa na daftari. Kila aliyetembea naye alimuuliza swali lilelile: jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi? Akaandika. Hakuwa na nia ya utafiti. Ilikuwa tabia ya muuguzi tu, mkono uliozoea chati.

Kijana aliyekuja kumvunja moyo aliletwa na mlezi wa bweni. Alikuwa mwaka wa tatu, anasomea ufamasia, na kwa wiki mbili hakuingia darasani. Mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, kucha zimetafunwa hadi kwenye nyama. Shangazi alimwita Mfamasia, akamtania kwamba siku hizi ananunua dawa za magoti bila kujua anapewa nini, afadhali sasa amepata mtu wake. Kijana alitabasamu kwa adabu. Walizunguka mara mbili kimya, akasema, "Asante, Shangazi," akaenda zake.

Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu alisema, "Hatua elfu moja mia moja na arobaini."

"Nini hizo?"

"Mzunguko mmoja. Nimehesabu."

"Zangu ni nyingi zaidi. Mimi natembea kama bata."

Akacheka. Kicheko kilimshtua mwenyewe.

Wiki ya tano, wakiwa karibu na bwawa, alizungumza. Alisema mhadhiri akiongea, maneno yanamfikia lakini hayashiki, kama maji kwenye chujio. Alisema ameshafeli somo moja mara mbili, na akifeli mara ya tatu anaondoka. Baba yake hajui. Baba ni mchomea vyuma, ana karakana barabarani, na kila mteja anayekuja kutengenezewa geti huambiwa habari za mwanawe daktari wa dawa. "Kuna mteja alinipigia simu," kijana alisema. "Simjui. Ananiuliza mtoto wake anakohoa, ampe nini. Namba kapewa na baba."

Shangazi alimuuliza waziwazi, kama alivyofundishwa, kama anafikiria kufa.

"Sitaki kufa, Shangazi. Nimechoka kuwa mtu anayesubiriwa."

Alimwandikia rufaa ya hospitali kubwa siku ileile. Miadi ikapatikana baada ya miezi mitatu. Wakaendelea kutembea. Kwenye daftari, usingizi wa Mfamasia ulikuwa saa mbili, kisha saa tatu, kisha saa tano. Siku ya saa tano Shangazi alirudi nyumbani akiimba, mumewe akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Wiki hiyohiyo ulibandikwa waraka. Nyuma ya maabara pangejengwa ukumbi wa mitihani.

Shangazi alikwenda kwa meneja wa majengo, ambaye alimwambia yeye ni mtekelezaji tu. Akaandika barua, akaandika nyingine. Akaomba nafasi kwenye kikao, akapewa dakika kumi. Alivaa gauni alilolivaa kwenye harusi ya mpwa wake, akabeba daftari.

Naibu mkuu wa chuo alikuwa mtu mwungwana, wala hakumkatiza. Shangazi alieleza habari za plaiwudi, za njia, za wale wanaotembea saa kumi. Akafungua daftari. Wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa wametembea zaidi ya wiki tatu. Ishirini na tisa kati yao usingizi wao uliongezeka kwa saa moja au zaidi.

Profesa mmoja wa takwimu aliinua mkono. "Umewalinganisha na wasiotembea?"

"Wasiotembea hawaji kwangu, Profesa."

"Basi utajuaje kama ni miti iliyowasaidia, au ni kuongea na wewe tu?"

Shangazi alifikiri. Lilikuwa swali la haki. Angeweza kumwambia kwamba ofisini walikuwa na yeye yuleyule na hawakuongea, lakini jibu hilo lilimjia akiwa kwenye ngazi anateremka. Pale kikaoni alisema, "Sijui."

"Shangazi," naibu akasema kwa upole, "hakuna anayekupinga. Lakini mwaka jana wanafunzi mia tatu walifanya mtihani kwenye korido, wengine wamekaa chini. Nao wana afya ya akili. Hao niwaambie nini?"

Shangazi alifunga daftari. Alikuwa amewaona hao wa kwenye korido, kwani alipita akiwaruka miguu. Alitoka na ahadi kwamba ofisi yake itapewa vyungu viwili vya maua, na vyungu vililetwa kweli, vya plastiki, na maua yake ya plastiki.

Mabati yalizungushwa siku ya Jumatatu. Kwa siku tatu sauti ya misumeno ilisikika hadi maktaba. Mtunza bustani alikuja mlangoni kwa Shangazi na ufagio wake, akasimama.

"Wameniambia nihamie getini, nimwagilie nyasi," alisema.

"Pole, kaka."

"Mimi si kitu. Jana jioni wamekuja wale watoto wako. Walifika kwenye bati, wakasimama, wakarudi. Mmoja alizunguka bati lote kwa nje. Yule mrefu."

Shangazi hakukata tamaa mara moja. Mfamasia alipokuja alimchukua kupita barabara kuu ya chuo. Magari yalipita, vumbi likawaingia mdomoni, na kila hatua ishirini mtu alisalimia: "Shikamoo, Shangazi!" Halafu anamwangalia aliyeko naye. Chini ya miti hakuna aliyejali nani anatembea na nani. Barabarani kutembea na Shangazi kulikuwa sawa na kubeba bango. Wiki iliyofuata wakajaribu kuzunguka uwanja wa mpira. Wachezaji wakapiga kelele kutoka golini: "Shangazi, leo nani kachanganyikiwa?" Hawakuwa na ubaya, ulikuwa utani wa vijana. Mfamasia alizunguka nusu uwanja, akasema amekumbuka ana kitu cha kufanya. Wiki ya tatu wakakaa ofisini, mlango umefungwa. Nyuma ya plaiwudi mtu alikuwa anasimulia mechi.

"Ulilala saa ngapi?" Shangazi aliuliza.

Kijana alionyesha vidole viwili. Shangazi hakujua kama ni saa mbili usiku au ni saa mbili tu za usingizi. Hakumwuliza tena, na kosa hilo hakulisahau.

Wiki ya nne hakuja.

Alimpigia simu, haikupokelewa. Akaenda bwenini. Sheria haikuruhusu mwanamke kupanda, hata awe na nywele nyeupe, basi akasimama chini ya ngazi mpaka mwenzake wa chumbani akateremka. "Amelala, Shangazi. Ameelekea ukutani. Hali, hanywi. Tunamwekea chai inapoa, tunakunywa sisi." Shangazi alimtafuta mlezi wa bweni, akamtanguliza, akapanda ghorofa nne kwa magoti yale, akishika ukuta.

Chumba kilikuwa na vitanda vinne, kamba ya nguo, sufuria la umeme. Mfamasia alikuwa chini ya shuka, kisogo tu kinaonekana. Shangazi akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwanangu, ni mimi."

"Najua."

"Twende zahanati tu hapo. Nitakushika mkono. Au wewe unishike mimi, maana ndiye mgonjwa wa miguu."

Hakucheka. Alisema bila kugeuka, "Shangazi, nenda tu. Si kosa lako."

Daktari wa zahanati alikuja, akampima presha, akasema mwili hauna shida, akaandika vidonge vya usingizi vya siku tatu, vichache kwa makusudi. Miadi ya hospitali kubwa ilikuwa imebakiza wiki mbili. Shangazi alipiga simu kule mara nne kuomba isogezwe mbele. Dada wa mapokezi alimwambia kwa sauti ya uchovu ambayo Shangazi aliitambua, kwa kuwa ilikuwa sauti yake mwenyewe: "Mama, wote hapa ni wa haraka."

Ijumaa asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri na Mfamasia hayupo. Simu imezimwa. Sanduku lake la bati lilikuwa pale, limefungwa.

Siku mbili Shangazi hakula. Alizunguka kwenye bwawa, ambalo sasa lilikuwa shimo la kokoto, akaona aibu kwa alichokuwa anakitafuta. Alikuwa ameahidi kutomwambia baba chochote bila ruhusa, na sasa ahadi ikawa haina maana. Akampigia. Ilikuwa simu ngumu kuliko zote alizowahi kupiga, pamoja na zile za wodini. Upande wa pili alisikia mashine ikizimwa, kisha mwanamume akisema, "Mwanangu? Haendi darasani? Tangu lini?"

Alipatikana Jumapili, kwa dada mkubwa wa baba yake, shangazi wa kweli, safari ya siku nzima kutoka chuoni. Alikuwa amefika jioni, amesalimia, ameomba mahali pa kulala, na tangu hapo hajatamka neno.

Baba alikuja baada ya wiki moja kuchukua sanduku. Alikuwa mfupi, mabega mapana, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Aliketi kwenye kiti cha wageni cha Shangazi, akasikia benchi la upande wa pili, akageuka kuiangalia plaiwudi.

"Wanatusikia?"

"Kila neno."

"Basi tutoke."

Walitembea mahali palipokuwa na nafasi, kando ya mabati. Mzee aliburuta mkono wake kwenye bati akitembea. Walipofika kwenye geti la mafundi alisimama, akaliangalia kwa karibu.

"Kazi mbovu hii," alisema. "Wamegusisha tu moto hapa, hawakujaza kiungo. Litaachia." Akaendelea kulitazama geti lile zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akauliza, "Alikuambia nini wewe?"

"Baba, mengine siruhusiwi kusema bila yeye."

"Hata mimi baba yake?"

"Hata wewe. Nisamehe."

"Ni kufeli?"

Shangazi akageuka kulitazama bati, na hilo likawa jibu.

Mchomea vyuma alichuchumaa pale pale getini. "Mimi nilifeli darasa la saba," alisema. "Mara mbili. Mimi ningemwelewa kuliko mtu yeyote duniani. Kwa nini hakuniambia?" Alikuwa anauliza kweli, akimtazama usoni, anangoja. "Wewe umesomea haya mambo. Kwa nini?"

Shangazi alitaka kumwambia habari za wateja na za namba ya simu. Alitaka kumwambia kwamba wiki mbili tatu zaidi chini ya miti pengine kijana angeyasema mwenyewe. Lakini hilo hakuwa na hakika nalo, kama alivyokosa hakika mbele ya profesa.

"Alikuwa anakupenda mno," alisema. Aliona mara moja kwamba maneno yale hayakumsaidia mzee, yalimwongezea mzigo tu.

Alimsaidia kubeba sanduku hadi kituoni, kila mmoja ameshika upande wake, wakipumzika kila baada ya mwendo mfupi. Sanduku lilikuwa zito kwa vitabu. Mzee hakutaka kuviacha hata kimoja.

Tarehe ya hospitali ilifika, kijana hakupelekwa. Alikuwa amerudishwa nyumbani kwa baba yake, akakataa kutoka chumbani. Mitihani ilipita, chuo kikafuta jina lake kwa utaratibu wa kawaida, na Shangazi akapata nakala ya barua. Alikwenda kuomba aandikiwe kwamba ameondoka kwa ugonjwa ili aweze kurudi. Akaambiwa hilo linahitaji cheti cha daktari bingwa.

Alianza kumpigia baba kila Jumatano. Mara nyingine mzee aliweka simu kwenye sikio la mwanawe, na Shangazi akazungumza peke yake: mvua imenyesha, magoti yanauma, mume wangu ameunguza wali. Alisikia pumzi tu. Mwezi wa nne wa simu hizo mzee alisema kijana ameanza kuja karakanani, anakaa kwenye benchi, anashika upande mmoja wa chuma baba akichomea. Haongei, lakini anashika. Shangazi alilia kwa furaha. Mwezi wa tano alisema ameacha kuja, amerudi kuelekea ukutani.

"Nimpeleke wapi, Shangazi?" mzee aliuliza. "Huku hakuna wa kazi yako."

"Mpelekeni hospitali kubwa tu, baba. Mbembelezeni."

"Tumembembeleza."

"Bembelezeni tena."

Ukumbi ulikamilika mwaka uliofuata. Ni jengo zuri, lina madirisha makubwa na viti mia nane, na hakuna tena anayefanya mtihani sakafuni. Wale wa saa kumi walitawanyika. Wengine huonekana wakizunguka eneo la kuegesha magari, kati ya magari, mpaka mlinzi awaulize wanatafuta nini. Shangazi anaendelea kupokea watu katika chumba kilekile. Aliomba ukuta wa tofali, maombi yako kwa meneja wa majengo. Amebakiza miaka miwili astaafu. Mumewe alimwambia aombe kurudi kufunga vidonda, akamjibu, "Na hawa nimwachie nani?" Mumewe akampakulia chakula.

Mwezi wa nane wa simu zile kwa mzee, Jumatano moja, sauti ya mashine ilimwambia namba anayopiga haipatikani. Alijaribu Alhamisi. Alijaribu wiki nzima. Inawezekana mzee alibadilisha laini, watu hubadilisha laini kila siku. Shangazi wa kweli wa yule kijana hakuwa na simu. Anwani iliyo kwenye faili ni ya sanduku la posta la shule aliyosoma zamani. Aliandika huko, barua haikujibiwa. Bado hupiga. Anasikiliza ile sauti hadi mwisho, katika lugha zote mbili, ndipo anaweka simu mezani.